Uangalie Mpira Kabla ya Kona ya Mwisho

Kisumu

Binti yangu mpendwa,

Mama yako amenisomea ujumbe wako kwamba mmeanza mazoezi ya kutua ndege pale Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi. Nimefurahi mno. Ila kuna jambo nililolijua nikiwa fundi wa ndege, na sitaki wewe ulijue juujuu.

Kwenye dashibodi ya hiyo ndege yenu ndogo, Cessna 172, kuna kijibomba cha kioo kilichopinda, kina majimaji na mpira mweusi ndani. Hakihitaji umeme wala waya. Mpira ukikaa katikati ya ile mistari miwili, ndege haiendi kiubavuubavu. Ukikimbilia kulia, kanyaga pedali ya kulia. Ukikimbilia kushoto, ya kushoto. Kuna kifaa cha zamani zaidi ya hicho: uzi tu, unaopeperushwa na upepo nje ya ndege. Ndugu Wright, wale waanzilishi wa ndege, waliutumia, na hadi leo marubani wa ndege zisizo na injini huubandika kwenye kioo cha mbele. Hata U-2, ndege ya upelelezi ya Marekani, inayoruka zaidi ya mita 20,000, inao. Kwenu hautafaa, maana upepo wa propela iliyo puani ungeuvuruga.

Hatari yenyewe iko kwenye kona ya mwisho kabla ya kutua. Wilson iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, hivyo kwa kasi ileile inayosomeka kwenye kipima kasi, ndege inakwenda mbio zaidi na kona yake ni pana. Unajikuta umeupita mstari wa uwanja. Unaogopa kulaza bawa zaidi kwa kuwa ardhi iko karibu, basi mguu unakanyaga pedali ya upande wa ndani wa kona ili uivute pua ielekee uwanja. Bawa la nje linaongeza kasi na kuinuka, la ndani linazama, nawe unapeleka usukani upande wa pili kulizuia, huku ukivuta pua juu. Hapo bawa la ndani ndilo linaloacha kubeba kwanza, na ndege inapinduka upande huo. Kwa kimo hicho hakuna nafasi ya kuirudisha.

Usitegemee mwili wako ukuambie. Majimaji ya sikio la ndani huzoea kona, na baada ya muda mfupi unahisi umekaa sawa kabisa. Macho pia yanakuwa yameganda kwenye uwanja. Lakini wakati huohuo mpira umeshaenda upande wa nje wa kona, unaonekana wazi kwa yeyote atakayeutazama.

Kwa hiyo utazame kabla hujaanza kona, na tena ukiwa ndani yake. Ukiona umeupita mstari, ongeza nguvu ya injini, panda, zunguka upya. Mafuta yatalipiwa, mwanangu.

Mwombe mkufunzi akuonyeshe kosa hilo mkiwa juu sana, uone bawa linavyoanguka. Kisha nipigie simu jioni unieleze mpira ulikuwa upande gani.

Baba yako