Kusudi la Mungu mbona tunalitafutia mbali?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Mimi ni mama wa Kibirizi hapa Kigoma, nakausha na kuuza dagaa mwaka wa kumi na moja huu, na kinachoniumiza ni hizi semina za "gundua kusudi lako" zinavyowatoa vijana wetu kwenye kazi.

Mimi mwenyewe nilishaingia. Ilikuwa 2024, Ziwa Tanganyika limefungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wapumzike wazaliane, hakuna taa za wavuvi majini usiku, hakuna dagaa mchangani, mtu unaamka saa kumi na moja kwa mazoea halafu unakaa tu kitandani unajiuliza sasa mimi ni nani. Ikaja semina, mhubiri akasema kila mtu kaumbiwa jambo kubwa la mataifa na asiyelijua anaishi bure, nikarudi nyumbani nalia, nikaona miaka yote ile ya kugeuza dagaa juani imepotea.

Kilichonitoa huko ni Luka 3, tuliisoma kwenye ibada ya nyumbani. Watoza ushuru wanamwendea Yohana Mbatizaji wanamuuliza mwalimu, tufanye nini sisi? Na watu walivyowachukia wale, mimi nilitegemea awaambie acheni hiyo kazi. Wapi! Kawaambia "Msitoze kitu zaidi kama mlivyoamriwa." Askari nao kawaambia wasidhulumu mtu, watosheke na mishahara yao. Yaani wamerudi kazini palepale.

Ilinichoma maana mimi nilikuwa na dhambi yangu ya gunia. Dagaa zikinyeshewa mchangani zinageuka rangi na kunuka, basi zile nilikuwa naziweka chini kabisa, juu napanga nyeupe zinazong'aa, mteja wa mbali akifungua mdomo wa gunia anafurahi, akifika kwake akimimina ndio anajua kaibiwa, na mimi Jumapili niko kwaya mstari wa mbele naimba. Mungu alikuwa ananisubiri kwenye lile gunia, mimi namtafuta kwenye mataifa. Siku hizi naanika juu ya chanja, zikiharibika nauza peke yake za kulishia kuku, hela inapungua kweli lakini nalala.

Najua watasema Petro aliacha nyavu. Aliitwa, na wapo wanaoitwa hivyo mpaka leo, siwapingi kabisa. Ila Lidia wa Matendo 16, muuza rangi ya zambarau, hakuambiwa afunge biashara, alifungua nyumba wakina Paulo wakakaa kwake, na Paulo huyohuyo alishona mahema kule Korintho.

Kuna kijana jirani yangu ameacha kwenda ziwani miezi sasa, anasubiri mlango wa kusudi lake ufunguke, na bibi yake aliyemlea tangu mdogo anakopa unga kwangu. Juzi nikamuuliza, mwanangu, bibi leo amekula nini? Akanyamaza, akainama.

Wachungaji wetu nawaheshimu sana. Nawaomba kabla hamjamtabiria kijana makubwa mumuulize kwanza nyumbani kwao yupo nani anayemtegemea, mimi naamini kabisa Mungu anaanzia na huyo.

Niishie hapa, giza la mwezi limeanza, ndipo dagaa zinafuata taa za wavuvi vizuri, boti zinatoka usiku huu na alfajiri kuna dagaa za kuanika.

Mama wa dagaa,
Kibirizi, Kigoma