Mkono wa Kushoto wa Mzee Makuti

Mwanangu,

Baada ya salamu, sisi huku Amu, kisiwani Lamu, hatujambo, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali. Mamako anasema Ijumaa usisahau kumpigia. Habari nyingine atakupa mwenyewe; mimi nina moja tu, na nimeizungusha kinywani wiki nzima: kichwa cha Mzee Makuti, kikaragosi chetu, nimempa mtu.

Usiiweke barua chini. Nisikilize kwanza.

Bega langu unalijua. Kukiinua kichwa kile dakika arubaini, kidole kimoja kikivuta mshipi wa taya, si kazi ya bega lililokakamaa. Mwaka jana katikati ya mchezo mkono ulishuka wenyewe, Mzee Makuti akaonekana amesinzia huku anasema. Watu wakacheka, wakidhani ndivyo tulivyopanga. Mimi ndani ya kitambaa cheusi jasho la aibu lilinitiririka.

Ndipo nilipowakumbuka Wajapani. Nilikuhadithia ulipokuwa mdogo: katika bunraku kikaragosi kimoja hushikwa na watu watatu. Mkubwa wao hushika kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Mwanafunzi huanzia miguuni. Husemwa miaka kumi huko, kumi mingine mkono wa kushoto, ndipo afikirie kichwa. Sisi tuliuiga mtindo huo kwa pupa, mimi nikakamata kichwa tangu siku ya kwanza. Miguu sikuwahi kuijua.

Sasa kichwa anacho yule kijana wa Langoni aliyekuwa akitubebea masanduku, nami nimeinama chini kushika visigino vya makubadhi. Huku chini huwaoni watazamaji, wala uso wa kikaragosi huuoni. Unasikiliza kiuno cha mwenye kichwa: akielemea kulia, unatoa mguu wa kulia. Na ajabu, mamangu, miaka yote hii nimetembea na Mzee Makuti bila kujua kwamba anachechemea. Mguu mmoja niliuchonga mfupi kwa upana wa kidole.

Najua utauliza kwa nini nisiache tu, nikae barazani nicheze bao kama wenzangu. Nilianza miaka ya tisini, wakati vikaragosi vilipoanza kutumiwa Kenya kuzungumzia ukimwi. Kinywa cha sponji kiliweza kutaja kondomu mbele ya mkwe. Cha mtu hakiwezi. Baadaye mradi mmoja ukaniajiri kuhusu malaria, wakanipa karatasi, wakataka kikaragosi aisome neno kwa neno. Tukaisoma. Watoto wakalala. Kesho yake, bila ruhusa, nikamfanya Mzee Makuti agombane na punda juu ya nani alale ndani ya chandarua, na kijiji kizima kikaja. Malipo ya siku zote mbili yalichelewa miezi saba, kwa hiyo usidhani nakupamba kazi hii. Halafu mwaka 2009, kipindi cha Gado, yule mchora katuni, cha vikaragosi vya wanasiasa kilipoingia kwenye televisheni, wazee wakaanza kuniuliza kwa nini changu hakitukani wabunge. Nikawaambia changu kinakaa Amu, na wabunge hupita hapa na watu wenye misuli.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya Wazungu. Neno karagosi lenyewe limetoka kwa Waturuki, kwa Karagöz, yule mchekeshaji wao wa mchezo wa vivuli. Maana yake jicho jeusi. Anayetaka kubishana akabishane na kamusi.

Nawe uliniambia kwenye simu kwamba tamasha la vikaragosi katika mji wa punda ni kichekesho. Sikukujibu siku ile. Ufaransa kuna mji uitwao Charleville-Mézières, si mkubwa, na tangu 1961 unafanya tamasha la vikaragosi mpaka dunia nzima inauendea. Chuo cha kazi hii wanacho hukohuko. Letu ni mikeka, spika mbili na usiku mbili. Siku ya Vikaragosi Duniani ni tarehe 21 Machi, lakini iliangukia Ramadhani, tukasubiri Mfungo Mosi, masika nayo yakatuvizia. Vikundi viwili vilivuka kutoka Mokowe, kimoja cha Malindi, sanduku lao likaingia maji ya chumvi, wakashinda mchana kutwa wakianika vichwa juu ya ukuta wetu. Mamako alitoka na chai, akakuta nyuso kumi na moja zinamtazama, akarudi ndani.

Tulicheza Mkunguni, mbele ya ngome. Kwa adhana ya magharibi tulisimama, kisha tukaendelea. Kofia ya Mzee Makuti ni ileile aliyoishona mamako. Sikio la kushoto limeliwa na panya, maana gundi ya unga wa ngano kwao ni karamu, basi kofia nimeivuta chini kidogo.

Kichwa nimekitoa. Mkono wa kushoto sikumpa mtu. Uliushika tangu una miaka tisa, na kila mtu niliyemjaribu aliupeleka kama anafukuza nzi. Basi tukaufunga kwa leso ya mamako, ukaning'inia shingoni kama uliovunjika. Mtu akapiga kelele kutoka nyuma: "Mzee, mkono una nini?" Hilo halikuwamo katika mchezo. Kijana akanyamaza kidogo, akakiinamisha kichwa kuuangalia ule mkono, polepole, kama nilivyomfundisha, akajibu: "Umekwenda Nairobi kutafuta kazi."

Uwanja ulivunjika kwa kicheko. Mimi huku chini nikapiga mguu wa kikaragosi sakafuni mara mbili, maana sikuwa na kingine cha kufanya.

Jana asubuhi, nikitoka sokoni, bibi mmoja alinisimamisha njiani. Hakucheka hata kidogo. Akaniuliza Mzee Makuti mkono wake umepona. Nikamwambia bado.

Babako