Tope linalovuta watalii Ujerumani, na vinamasi vyetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu wanaoamini kuwa kinamasi ni ardhi iliyokosa kazi, kwa kuwaeleza habari za Wattenmeer, pwani ya kaskazini mwa Ujerumani.

Pwani hiyo haina mlima kama Rwenzori wala maporomoko kama ya Murchison. Bahari ya Kaskazini hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na maji yakishapwa hubaki uwanda wa tope na mchanga usioonekana mwisho wake. Hata hivyo wageni hutoka mbali, wakavua viatu na kutembea juu ya tope hilo wakiwa na viongozi wanaoijua bahari, maana maji yakirudi huweza kumzingira mtu asiye mwenyeji. Kutoka mji wa Cuxhaven hadi kisiwa cha Neuwerk ni takriban kilomita 10 kwa miguu, na kwa miaka mingi wasioweza wamepanda magari ya farasi. Kaskazini zaidi viko visiwa 10 vidogo viitwavyo Halligen, ambako nyumba zimejengwa juu ya vilima vilivyorundikwa na watu. Dhoruba kali ikija, malisho yote huzama, vikabaki vilima peke yake. Kwangu mimi, maisha hayo ya kuishi na bahari bila kuifukuza ni kivutio kikubwa kuliko mandhari yenyewe.

Tope hilo limejaa minyoo, kome na kaa, chakula cha mamilioni ya ndege wanaosafiri kati ya Aktiki na Afrika. Wajerumani walianza kulilinda kwa hifadhi za taifa mwaka 1985, na mwaka 2009 UNESCO ikaliingiza katika Urithi wa Dunia.

Sisi hapa Uganda tunazo ghuba za Mabamba na Lutembe katika Ziwa Viktoria, zilizotambuliwa mwaka 2006 chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu. Wenye mitumbwi wa Mabamba, wanaowapeleka wageni kumtazama ndege aitwaye korongo nyangumi, hawahitaji kuambiwa thamani ya kinamasi. Kwingineko kando ya ziwa, kifusi kinaendelea kumwagwa. Naiomba wizara inayohusika ibandike ramani za mipaka ya vinamasi katika kila ofisi ya gombolola (kitengo cha utawala chini ya wilaya), na isitoe kibali chochote cha kujaza kinamasi kabla ya kuwasikiliza wavuvi na waongoza wageni wa mahali hapo.

Wako,
Msomaji, Entebbe