Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa Amarcord

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha sinema, salaam. Hesabu atazisoma mweka hazina kwenye mkutano, mi niseme tu ada zimeingia vizuri na projekta imetengenezwa. Ninalotaka kuwaandikia kwa urefu ni ile sinema ya Amarcord, maana mpaka leo tukikutana watu bado wanavutana, kuna walioipenda sana na kuna waliotoka katikati, na wengine wameniambia waziwazi chama kinapotea njia.

Kwa wasiokuwepo, ni kazi ya mwongozaji Mwitaliano Federico Fellini ya 1973, ikapata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Fellini alizaliwa Rimini 1920, na hapa anakumbuka mji wa utoto wake miaka ya 30, enzi za dikteta Mussolini na mafashisti wake. Tuliichagua kwa sababu Malindi tumeishi na Waitaliano miaka mingi na wengi wetu tunaongea lugha yao, ingawa hata hao walilalamika kwamba kile Kiitaliano cha Romagna, mkoa wa kwao Fellini, kinawapita pembeni.

Lalamiko kubwa ni kwamba haina stori. Mzee wetu mmoja alisema amekaa saa mbili na zaidi akingoja ianze. Ni kweli, hakuna wa kufukuzwa wala wa kulipiza kisasi, ni mwaka mmoja tu wa mji mdogo wa pwani, kijana Titta na wenzake wanasumbua walimu, baba yake Aurelio anagombana na mkewe Miranda mezani mpaka sahani zinaruka, ami yake Titta, Teo, anatolewa hospitali ya wagonjwa wa akili kwa siku moja, anapanda juu ya mti, anapiga kelele anataka mwanamke na kila anayemfuata anamrushia mawe, mpaka aje mtawa mmoja mfupi sana apande ngazi na kumteremsha kama mtoto. Mimi naona mji wenyewe ndio stori, na ukishakubali hivyo huchoki.

Walioniuma zaidi ni waliosema ni kumbukumbu tamu tu za mzee, hazina maana. Jamani, ile sehemu ya gramafoni mliiangalia? Usiku wa sherehe za mafashisti Internationale, wimbo wa wasoshalisti, unasikika kwa gramafoni kutoka mnara wa kanisa, wanaupiga risasi mnara, halafu wanamkamata Aurelio na kumnywesha mafuta ya nyonyo kwa nguvu, na hiyo ilikuwa adhabu yao kweli siku zile. Anarudi nyumbani amejichafua, Miranda yule yule wa kugombana naye anamkalisha kwenye beseni na kumwosha. Hapo utamu uko wapi? Watu wale wale waliotuchekesha ndio wanaoshangilia uso wa Mussolini uliotengenezwa kwa maua, na mimi hilo lilinitisha kuliko filamu nyingi za vita.

Kina mama walikasirikia jinsi wanawake wanavyotazamwa, hasa ile sehemu ya Titta na mwanamke wa duka la tumbaku, na nasema wana haki, Gradisca, yule mrembo wa mji, anageuziwa shingo na mji mzima sinema nzima. Ila kwenye mashua, wakati watu wanaingoja meli ya Rex usiku, analia akisema anataka mume na watoto, basi, ndo tunamsikia moyo wake, na ningependa angepewa nafasi zaidi. Hiyo Rex ilikuwa meli ya kweli, 1933 ilivunja rekodi ya kuvuka Atlantiki, lakini bahari yake kwenye sinema ni plastiki ya studio za Cinecittà, na vijana wa familia za wavuvi waliiona mara moja wakaanza kucheka. Fellini hakutaka kuificha, anatuonyesha bahari kama mtu anavyoikumbuka, na muziki wa Nino Rota ukiingia pale mi sijali kabisa ni plastiki.

Kamati imekubaliana sinema za zamani ziendelee, moja kila robo mwaka, ila kuanzia sasa mtu atatueleza kidogo kabla taa hazijazimwa na tutakaa kujadili baadaye, na yenye mambo ya watu wazima itatangazwa mapema ili watoto wabaki nyumbani. Mwenye pendekezo la filamu ampelekee katibu kabla ya mkutano mkuu, na walioichukia Amarcord ndio nawaomba zaidi walete zao.