Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Kipimo cha Alama 30 Hakiwafai Wenye Dimenshia Kali

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia sisi wauguzi, matabibu na walezi tunaohudumia watu ambao dimenshia yao, yaani kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, imefika hatua kali. Tunaomba kipimo cha kumbukumbu na fikra cha alama 30 kiondolewe katika tathmini zao, na mahali pake viwekwe vipimo vilivyoundwa kwa ajili ya watu kama wao.

Kipimo hicho, MMSE, kilitolewa mwaka 1975. Humuuliza mtu tarehe, humtaka atoe saba katika mia tena na tena, aandike sentensi, anakili maumbo mawili yanayoingiliana. Anayeanza kusahau kinamfaa. Aliyebakiwa na maneno machache hupata sifuri au karibu na hapo, na hubaki hapo hadi mwisho. Matokeo yake, anayeitikia salamu na kujilisha kwa kijiko huandikiwa alama ileile ya mtu asiyeweza hata kuinua kichwa. Dawa ikimsaidia hatujui, ikimdhuru hatujui.

Kipo kipimo cha SIB, kilichoundwa kwa wenye hali kali na kuchapishwa mwaka 1990, chenye alama 0 hadi 100. Huchukua kama dakika 20 hadi 30. Mpimaji huanza kwa kunyoosha mkono wa salamu na kutazama kama mgonjwa ataupokea. Hilo lenyewe ni swali. Baadaye humwonyesha kikombe na kijiko halisi: hiki ni nini, hutumikaje? Maagizo ni mafupi na huambatana na ishara za mikono. Katika maswali mengi jibu sahihi lina alama 2, na la nusu au lililotolewa baada ya kudokezwa lina 1. Alama hiyo 1 ina thamani kubwa kwetu, kwa sababu humwambia mlezi kwamba akidokeza ataeleweka.

Hata hivyo kipimo kizuri huharibiwa na maandalizi mabaya. Kabla ya swali la kwanza miwani ivaliwe, nta itolewe masikioni, kifaa cha kusikia kikaguliwe betri, mgonjwa apelekwe msalani. Aulizwe kwa lugha aliyokua nayo, maana mara nyingi ndiyo hudumu kuliko aliyojifunza ukubwani. Baada ya kila swali mpimaji anyamaze na kuhesabu moyoni hadi kumi. Wengi hurudia swali mapema na kumkatiza mtu aliyekuwa anatafuta neno. Mgonjwa aliyebadilika ndani ya saa au siku chache asipimwe kabisa. Huyo atafutiwe kwanza maambukizi, upungufu wa maji, kufunga choo, dawa mpya au maumivu. Kwa asiyeweza kusema panapouma kuna PAINAD, orodha ya kupima maumivu kwa kumtazama mgonjwa, yenye vipengele vitano na alama 0 hadi 10: pumzi, sauti, uso, mwili, na kama anatulizika.

Kuhusu shughuli za kila siku, shida kubwa iko katika neno moja: "hawezi". Mlezi akisema mama hawezi kuvaa, mara nyingi maana yake ni kwamba hajaachiwa avae, kwa sababu kumvisha ni haraka zaidi. Misuli na mazoea hupotea, na miezi michache baadaye kweli hawezi. Fomu itenganishe asichoweza na asichofanya, na mpimaji amwone mgonjwa akila mlo mmoja mzima. Je, anatambua chakula? Anashika kijiko? Kinafika mdomoni? Anatafuna, anameza, anakohoa? Kila hatua iandikiwe kiasi cha msaada: hakuna, neno, ishara, mkono juu ya mkono, au kufanyiwa yote. Mahojiano na mlezi kwa ADCS-ADL ya hatua kali, dodoso la shughuli za kila siku lenye vipengele 19 na alama 0 hadi 54, yaongezwe juu ya hayo, yasichukue nafasi yake.

Tunaomba pia ngazi za FAST, zinazoonyesha dimenshia imefika hatua gani, zitumike kwa uangalifu. Zinafuata mwendo wa Alzheimer, ugonjwa mmojawapo unaoleta dimenshia: maneno hupungua, kisha kutembea hupotea, kisha kuketi, kutabasamu, na mwisho kushika kichwa. Anayeongea sentensi nzima lakini ameacha kutembea ameruka mpangilio huo, na achunguzwe kiharusi, mfupa uliovunjika au ugonjwa wa viungo, badala ya kuandikiwa kwamba dimenshia imeendelea.

Kwa hiyo mwongozo mpya uagize mambo haya: kupima siku mbili tofauti kabla ya kuandika alama ya kuanzia; kurudia kila baada ya miezi sita, saa ileile ya siku na mpimaji yuleyule inapowezekana; na kutenga saa nzima kwa kila mgonjwa. Chini ya karatasi pawepo mistari mitatu mitupu ambapo mpimaji ataandika, kwa maneno ya kawaida, kile ambacho mtu huyu bado anakifanya mwenyewe. Mlezi wa zamu ya usiku atasoma mistari hiyo kabla ya alama yoyote.

Kwa heshima,
Wauguzi, matabibu na walezi wa watu wenye dimenshia kali