Kabla ya Jumamosi

Mwanangu,

Dada yako amenionyesha picha uliyomtumia, wewe na wenzako wa chuo na skii, zile mbao za kutelezea theluji, mabegani, kwamba Jumamosi mnapanda milima ya juu ya Innsbruck, huko Austria, kusikokaguliwa na mtu. Kwa nini habari kama hii inipitie mlango wa nyuma? Nimejivunia hiyo miguu ya Kibosho, lakini usingizi sikuupata.

Huku Kilimanjaro nilikopandishia wageni, adui ni baridi na hewa nyepesi. Huko mteremko wenyewe huachia theluji ikaporomoka. Nimesoma kwamba hatari zaidi ni ile ya nyuzi 30 hadi 45, nayo ndiyo wanaoteleza wanaipenda. Upepo hurundika theluji upande mmoja, inaganda bamba juu ya tabaka la chembechembe zisizoshikana, halafu uzito wa mtu mmoja unalivunja. Wengi wanaofukiwa, poromoko wameliamsha wenyewe au mwenzao. Kwa hiyo usiniambie tu utakuwa mwangalifu. Soma taarifa ya hatari ya maporomoko ya Tyrol, jimbo lenu hilo, inatoka kila jioni kwa ajili ya kesho yake. Ngazi za hatari ni 5, na usiidharau ya 3 kwa kuwa iko katikati. Hapo ndipo watu wengi hufia.

Ninachoogopa hasa ni haya zako. Tangu mdogo hukubali kuwa wa kwanza kusema umechoka. Theluji ikitoa mvumo chini ya miguu, au ukiona nyufa zinakimbia, sema turudi, hata kama wote wanataka kuendelea. Nimewarudisha wageni kilele wakikiona kwa macho, wakanitukana. Hayo sikukusimulia sana. Nilikusimulia ya waliofika.

Kila mmoja avae kifaa cha mawimbi, kile cha kuwaonyesha wenzake alipofukiwa, kimewashwa tangu chini, na awe na fimbo ya kutafutia na beleshi. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10, mara nyingi anapona. Ikifika nusu saa, wengi wameshakosa hewa. Helikopta haiwezi kuwahi, mtafukuana wenyewe. Je, hao wenzako wamefanya mazoezi? Waulize. Na mteremko mvuke mmoja mmoja.

Mama yako dawa anameza. Ng'ombe kazaa dume. Jiko tumeliezeka kwa hela uliyotuma. Mwezi huu usitume, nunua beleshi la chuma, si la plastiki. Ijumaa jioni nipigie unisomee hiyo taarifa, na kama ni 3, uniambie umewaambia nini wenzako.

Baba yako