Dumu la njano

Mwanangu, uliyebeba jina la mama yangu,

Barua hii nimeiweka ndani ya daftari lako la hisabati kwa sababu nyumba yetu ina ukuta mmoja na masikio mengi. Nikisema kwa mdomo, wadogo zako watakuwa wameyatangaza bombani kabla sijamaliza.

Juzi usiku ulikuwa unamwambia mama yako jambo, ukidhani nimelala. Ulisema kwenye darasa la tableti ninyi wasichana mnachungulia tu, juu ya mabega ya wavulana. Sikupata tena usingizi.

Siku sanduku lile liliposhushwa shuleni, mimi nilikuwa mmoja wa waliolibeba. Mwalimu alisema ni kilo 52. Mabega yangu yanajua gunia la unga la kilo 50, nikaona hawapishani sana. Ndani mlikuwa na tableti 25, kompyuta, projekta, spika na modemu ya intaneti. Alitueleza kwamba likichajiwa kwa muda wa saa sita hadi nane linafundishia siku nzima pasipo umeme, na kwamba HCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na kampuni ya simu ya Vodafone walianza na madarasa ya namna hii kambi ya Dadaab, Kenya, mwaka 2013. Mimi niliyezoea kuona kila kitu kikifika kambini kwetu Nyarugusu kimechelewa au kimepunguzwa, nilifurahi kama mtoto. Wenyeji wetu Watanzania wanasema kishikwambi. Makarani wa sensa ya 2022 walizunguka navyo. Sisi Wakongo tumeng'ang'ania tableti, basi na iwe tableti.

Lakini hebu piga hesabu. Tableti 25, na darasani mko zaidi ya mia. Kila moja ina vichwa vinne au vitano. Anayekaa karibu na kioo ni aliyewahi, na anayewahi ni yule ambaye hakupanga foleni ya maji tangu alfajiri. Wewe unafika jua limeshapanda, mikono bado imelowa. Unagusa kioo, hakisikii. Unagusa tena, kinafungua kitu kingine. Mvulana anakunyang'anya, anasema hujui. Ungejuaje? Saa zako za kujua zimeishia kwenye dumu, na aliyekutuma dumu ni mimi.

Tulipovuka ziwa kutoka Fizi, kule Kongo, mwaka 1996, nilikuwa na miaka 13, shangazi yako 11. Hapa kambini mimi nilisoma. Yeye alichota maji, akaenda kuni kule porini ambako wasichana wengine walirudi wakilia na hakuna aliyewauliza kitu. Nikitoka shule nilikuta ugali umefunikwa. Leo ujumbe ukiingia kwenye simu yake ananiletea nimsomee, hata ule wa mumewe. Hajawahi kunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Unakumbuka ulivyorudi siku ile ukachora moyo wa mtu uani, kwa kijiti? Ulisema mliuona kwenye video, damu inaingia huku inatokea kule, na kwamba uliirudisha mara tatu mpaka ikakuingia. Mwalimu wenu ni mtu mwema, ila kwa umati ule hawezi kumrudia kila mmoja mara tatu. Mama yako akauliza, "Moyo wa mtu mmoja una vyumba vinne, na sisi wote hapa tunalala viwili?" Tulicheka mpaka jirani akagonga. Mchoro ule nilikataza usifagiliwe. Mvua ndiyo iliyoufuta.

Wapo wanaouliza ya nini kumsomesha binti kwa Kifaransa, programu ya Kongo, nchi ambayo hajaiona, naye kesho ataolewa. Mzee mmoja ameanza kunisalimia kwa heshima iliyozidi kiasi, najua anakoelekea. Nimeshamwambia kwamba binti yangu ana mtihani wa taifa mbele yake, na baada ya hapo atajisemea mwenyewe.

Kwa hiyo kuanzia Jumatatu maji nachota mimi. Foleni ile ni ya wanawake, najua wataniimba, waimbe. Kuni ni za kaka yako. Za siku zako za mwezi mama yako ataongea nawe, mimi naishia kusema kwamba hela ya sabuni na vitambaa sasa inatangulia hela ya sigara zangu. Mwalimu nimemwomba wasichana mpate zamu yenu peke yenu, hata mara moja kwa wiki. Amesema ataangalia. Alhamisi nitapita tena, aangalie nikiwa nimesimama hapo.

Wewe nawe, ukifika, futa mikono kwenye kitenge, sogea mbele, weka kidole. Ukikosea, rudi nyuma uanze upya. Kitu kile hakina fimbo.

Na asubuhi usihangaike kulitafuta dumu la njano. Kifuniko chake kiko mfukoni mwangu.

Baba yako